Sindano Moja

Jumatatu Bombo walimtoa maji lita nne
kwenye ndoo ya plastiki,
yana rangi ya chai iliyosahaulika mezani.
Ijumaa tumbo lilikuwa limerudi,
limetuna kama la mwenye mimba ya kufunga uzazi,
na mama, miaka sabini na mmoja, akacheka:
"Mwiteni mkunga. Mwambieni na baba yenu amefanya kazi."
Baba ana miaka kumi na tisa kaburini.
Muuguzi hakujua acheke au asicheke.

Ngamiani walishajua kwa nini.
Ini? Ini huliwa na pombe.
"Kumbe Bi Mwanamvua naye..."
na sentensi ikaachwa wazi kama mlango wa choo,
kila apitaye achungulie.
Mama, ambaye togwa aliinusa kwanza,
aliyerudisha keki ya harusi kwa kusikia ina mvinyo!
Yalimkata maini maneno yale
kabla ugonjwa haujamaliza kuyakata.

Macho yalikuwa manjano siku nyingi. Tukasema uzee.
Miguu ikavimba. Tukasema anasimama mno jikoni.
Alijikuna usiku hadi shuka likaingia madoa,
tukamnunulia sabuni ya mwarobaini.

Kisha akili ikawa inakwenda na kurudi
kama umeme wa mgao.
Alitia chumvi kwenye chai. Aliniita Subira,
dada yake aliyekufa kwa surua kabla sijazaliwa.
Usiku mmoja, saa nane, akakaa kitako,
akashika ndewe ya sikio langu,
akaifikicha kwa majivu ambayo hayakuwepo:
"Tulia. Hesabu tatu tu, imekwisha."

Hapo ndipo nilipoikumbuka sindano.

Ilikaa ndani ya kopo la poda,
imechomekwa kwenye kipande cha mshumaa,
na uzi mweusi, na mafuta ya nazi kifunikoni.
Jumamosi wasichana walipanga foleni barazani,
wa kwanza analia, wa mwisho ameshalia tayari.
Sindano moja. Aliirithi kwa shangazi yake,
akajitoboa nayo mwenyewe mbele ya kioo,
kisha mimi, kisha mtaa.
Aliifuta kwa pindo la kanga.
Malipo yai, au kibaba cha mchele,
au Mungu atakulipa.
Hakuna aliyejua.
Naapa, hakuna aliyejua.

Daktari Shemdoe, kijana, kalamu mbili mfukoni,
alisema kirusi hukaa kwenye ini miaka arobaini
kama mpangaji mpole,
hadi siku ukuta unapoanguka.
Alisema pengine alizaliwa nacho.
Alisema hatuwezi kujua.
Sikumtajia sindano.

Alfajiri ya Jumanne alitapika damu, nyeusi, mabonge.
Beseni halikutosha. Kanga haikutosha.
Nikakinga kwa mikono.

Waosha maiti niliwapa glavu. Wakaninunia:
"Tunamwosha Mwanamvua, hatuoshi mbwa."
Wakazivaa, lakini msibani
hawakunipa mkono.

Arobaini imepita. Nimepimwa.
Ninacho.
Kidonge kimoja kila siku, saa mbili usiku,
na wanangu wawili wamechanjwa, mkubwa tunasubiri majibu yake.
Nina daftari la shule lenye majina,
kila niliyemkumbuka katika foleni ile:
Mwanaarusi, Tatu wa kwa fundi saa,
mapacha wa Makorora, Zuhura kibogoyo,
na mmoja simkumbuki jina, namkumbuka kilio.
Wengine sasa ni mabibi. Wengine
macho yao, ukitazama vizuri, siyapendi.

Nitawaambiaje bila kumfukua?
Mtu aliyewapamba.

Leo nimeanza kwa Mwanaarusi.
Alikuwa anachambua mchele, akasogeza ungo nikae,
vipuli vyake vikacheza.
"Masikio haya," akasema kabla sijafungua mdomo,
"kila nikivaa namwombea mama yako."
Nikaitikia amina.
Kisha nikalitoa daftari.