Alama ya Kufunga

Mama alichambua buni kiwandani,
punje kwa punje: nzima huku, ya mdudu kule.
Mimi nakifundisha kihariri kuchambua msimbo,
Majengo, Moshi, juu ya duka la misumari.

Kinasoma herufi moja, kinachungulia ya pili kabla ya kuamua.
Mkwaju mmoja, gawanya.
Miwili, ni maelezo tu: paka kijivu, pita.
Neno la amri, zambarau; la ndani ya nukuu, kijani.

Saa nane usiku ukurasa ukawa kijani
tangu mstari wa arobaini hadi chini kabisa.
Kosa dogo: nukuu nimeifungua, sikuifunga.

Niliirekebisha. Sikulala.
Mama naye, wodini, alinishika mkono akasema:
"Aikande, ule ufunguo wa

miaka sita sasa, kila kitu kijani