Usichomoe

Knarik wa ghorofa ya pili alipanda kwangu saa tatu usiku,
theluji ingali mabegani mwa koti,
akabisha mara moja tu,
kama mtu anayeomba asifunguliwe.
Nikafungua.

Miaka mitatu hatujuliani hali,
tangu bomba langu lipasuke, limlowanishie zulia la marehemu mamake,
nami nikasema dari yake ilikuwa mbovu tangu tetemeko.
Gyumri nzima dari ni mbovu tangu tetemeko.
Sikupaswa kusema.

"Kimekwama," akasema,
akikitazama kishikwambi, si mimi.

Kweli. Nembo inawaka, inazimika, inawaka,
kama mtu anayefungua kinywa aseme neno
kisha analimeza.
Alikuwa akisasisha mfumo, betri ikaisha katikati.

Dawa ni moja, nikamwambia.
Nikifute chote, nikipe mfumo mpya kutoka kwenye kompyuta.
Ndiyo huitwa kurejesha.
"Kurejesha nini?"
Kukirejesha kilivyotoka kiwandani.
"Na picha?"
Picha hazikutoka kiwandani.

Hakuwa na akiba popote.
Yaliyomwagika hayazoleki, nikasema,
na papo hapo nikajuta kutaja maji.

Birika likachemka, likanyamaza.
"Futa," akasema.

Sikuuliza picha za nani. Razmik wake yuko Novosibirsk,
anapiga lipu majumba ya watu,
na kila Jumapili sauti yake hupenya sakafu yangu:
Mama, wanisikia?
Mimi humsikia.

Faili lilishuka kwa saa nzima.
Saa nzima Knarik aliikagua dari yangu.
"Haina hata doa," akasema hatimaye.
Nikamwongezea chai.

Kitufe cha kupunguza sauti, na cha kuwashia,
vibane pamoja, hesabu hadi kumi.
Kioo kikawa cheusi tii. Kompyuta ikalia *ting*:
imekiona.
Kisha ikalia kwa huzuni: imekipoteza.
Tundu la waya limelegea, na vidole vyangu
vinatetemeka tangu mwaka juzi, havitulii hata kwenye kijiko.

"Shika hapa," nikamwambia. "Inamisha kuelekea dirishani.
Kidogo. Hapo hapo. Usipumue."
"Nisipumue?"
"Pumua. Usichomoe."

Asilimia tisa.
Asilimia ishirini na moja, ikakaa hapo kama fundi aliyeenda kuvuta sigara.
Hamsini.
Kidole gumba chake kimekuwa cheupe kama jibini.
Sitini na nne, taa ikafifia,
na betri ya kompyuta yangu ni pambo tu, haishiki moto tangu enzi;
tukaitazama balbu sote wawili
jinsi unavyomtazama mtoto wa mwenzio ukingoni mwa kisima.
Ikarudi.
Nikaweka kiganja chini ya kiwiko chake, kumwegemeza,
si kwa lingine,
kama tofali chini ya meza yenye mguu mfupi.

Mia. Maandishi ya kijani.
Nembo ikawaka, na safari hii
ikapita.

*Karibu. Chagua lugha.*

Hakimjui. Kinamsalimu kwa lugha ishirini
kama mgeni aliyeshuka leo kwenye treni.
Hakimjui Razmik, wala arusi, wala kaburi jipya lenye maua ya plastiki.
Kina bahati, niliwaza, mimi
ninayekumbuka hadi leo bei aliyotaja ya zulia,
na jinsi nilivyocheka.

Akatafuta Kiarmenia, polepole, akakigusa.
"Bei gani?"
"Hakuna."
"Bei gani. Sitaki deni nawe."
"Basi nirudishie ngazi yangu."
"Ile ngazi ni yangu," akasema,
akashuka na kishikwambi kifuani ndani ya koti.

Jumapili, chini ya miguu yangu:
Mama, wanisikia?
Mkwaruzo. Kimya.
Kisha sauti ya Knarik: ngoja, mwanangu, ngoja niushike waya.

Na huku juu kidole gumba changu,
bila kuagizwa na mtu,
kikainama kuelekea dirishani.