Mifuko ya Anselmo

Kabla ya kufua, napekua.
Ni kazi yangu ya miaka kumi na mitatu,
kila Jumapili usiku, hapa Punta Arenas,
upepo ukigonga bati kama mdai aliyechoka kusubiri.

Koti la kwanza halikuwa na mfuko.
Lilikuwa na ukosi, na ukosi ulikuwa na meno yake,
manne juu, manne chini.
Mwaka ule aling'ata kila kilichomkaribia:
kijiko, mguu wa meza, sikio la paka,
bega la Yerko, mjukuu wa Bi Danica wa ghorofa ya chini.
"Na wewe mng'ate," mama yangu akashauri, "apate kujua."
Nikamng'ata. Kidogo tu, kidoleni.
Akanitazama kama mtu aliyekimbilia nchi ya mbali
akakuta hata huko kuna polisi.
Hakuacha kung'ata. Mimi ndiye niliyeacha.

Koti la bluu, miaka minne: mawe.
Mfuko wa kulia mawe, wa kushoto mawe,
mashine ikagoma, fundi akadai peso elfu thelathini.
Nilifoka mpaka sauti ikanikauka,
naye kajilaza sakafuni, visigino vinapiga mbao,
hapana, hapana, hapana,
neno alilolipenda kuliko mkate.
Usiku wa manane, kwikwi zimemwisha,
ndipo akanong'ona:
"Upepo unachukua watu wadogo."
Kumbe alikuwa ameziona zile kamba za barabarani
zifungwazo siku za dhoruba ili wapitao washike,
akajipima,
akaona kamba iko juu.

Samaki mkunje angali mbichi, husema
wasioshinda na samaki.
Mimi navunja miguu ya kaa kiwandani, zamu ya alfajiri,
na najua kitu ukikilazimisha
hupasuka pale usipopataka.

Miaka saba: papa wa plastiki, bei bado mgongoni.
Nilimpeleka dukani akamrudishe mwenyewe.
Nikabaki nje, pua kiooni,
nikamwona anaongea, muuza duka anaitikia kwa kichwa,
masikio ya mwanangu mekundu kama kaa wangu.
Njia nzima hatukusema neno.
Sijui hadi leo kama lile lilikuwa funzo
au ni aibu tu niliyomvisha,
koti jingine la kumbana kwapani.

Miaka kumi: barua ya mwalimu, imekunjwa mara nane,
ina wiki tatu, inanuka ndizi.
*Anselmo hutazama dirishani.*
Niliisoma mara mbili nikitafuta kosa.

Halafu kumi na tatu:
hakuna kitu.
Niliigeuza mifuko nje kama ndimi,
hakuna uzi, hakuna hata punje ya mchanga.
Alikuwa ameanza kujipekua mwenyewe kabla yangu.
Nikakaa juu ya kapu la nguo,
nikalilia usafi.

Sasa ana kumi na tano. Mlango wake unajua sauti mbili,
kufungwa, na kufungwa sana.
Nasema, "Umekula?" Anasema, "Mm."
Nasema, "Unakwenda wapi?" Mlango unanijibu.
Jumatano tuligombana juu ya simu, juu ya vyombo,
juu ya baba yake, ambaye hata hakuwepo kujitetea.
Akasema neno nisiloweza kulirudia.
Nikasema jingine, baya zaidi,
na mtu mzima pale nilikuwa mimi.

Alhamisi redio ikatangaza upepo wa kilomita mia na ishirini.
Saa kumi na moja alfajiri nikavaa koti gizani, nikatoka.
Mkono mmoja nikashika kamba,
wa pili nikautia mfukoni, kuutafutia joto.

Jiwe.

Nikabadilisha mikono.
Na upande huu, jiwe.

Basi la kiwanda likapiga honi, likapiga tena.
Jioni niliporudi
vyombo vilikuwa bado vichafu.