Kitambaa cha Kwaya

Jezi zetu zilishonwa na kina mama wa parokia, Pongwe,
kwa kitambaa cha kwaya kilichosalia:
zambarau, rangi ya Kwaresima,
kola ikitutafuna shingo kama upupu.
Namba alizipaka Mhina wa karakana
kwa rangi ya milango. Saba yangu
ilibanduka mechi ya kwanza, ikabaki kimstari.

Uwanja ulikuwa shamba la mkonge.
Kipindi kimoja unapanda, kingine unateremka,
ndiyo maana Sista Kolumba,
mwalimu wa hesabu, kocha kwa kukosekana mwingine,
alitaka tushinde kwanza kurusha shilingi.
Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni.
Mvua ikishanyesha,
mpira umetoka au haujatoka
likawa suala la dhamiri.

Muheza tuliwapiga tatu.
Pangani, sare; kipa wao alidaka kila kitu
isipokuwa usingizi.
Maramba tulifungwa na ng'ombe:
alisimama mbele ya Shekiondo, beki wetu,
Shekiondo akampisha, ndivyo alivyolelewa,
na mpira ukapita.
Mwamuzi akasema ng'ombe ni sehemu ya uwanja.

Kisha mwezi ukaandama
juma lile lile la Jumatano ya Majivu.
Kipa wetu alikuwa Sufiani,
mtoto wa fundi saa, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Alidaka midomo imemkauka kama ganda la muhogo.
Hakuomba kitu.
Ni Hoza, nahodha, aliyeinua ndoo ya mapumziko
akaimwagia miche ya mama mpishi:
"Akinywa yeye, tutakunywa."
Tukaitikia wote kumi,
kama tunasali Nasadiki.

Nusu fainali, Korogwe.
Jua la saa tisa limetukalia utosini.
Nikasema naenda kujisaidia.
Nyuma ya choo palikuwa na bomba linalovuja.
Nikakinga kiganja.
Mara moja.
Mara nne.
Nikajifuta kwa kola ile ile inayotafuna.

Dakika ya sabini na moja
miguu ya wenzangu ilikuwa magogo,
yangu ilikuwa miguu.
Wa kwanza nilimpita,
wa pili alijipita mwenyewe,
na nyavu — hatukuwa na nyavu —
mpira ukaenda hadi kwenye baiskeli za walimu.
Moja bila.
Sufiani alikimbia uwanja mzima kuja kunikumbatia.
Pumzi yake ilinuka njaa.
Yangu niliibana.

Jumamosi, kitubio.
Padri Fulgensi alinyamaza nyuma ya pazia,
nikasikia kiti kikilia, kisha:
"Haikuwa ofsaidi?"
"Hapana, Padri."
"Basi utafua jezi zote mpaka Pasaka."

Fainali ikawa Mkwakwani, penye nyavu za kweli.
Lushoto waliteremka na masweta viunoni.
Siku hiyo sikugusa tone, naapa,
na tulifungwa mbili.
Sufiani aliokoa penalti,
ikamrudia miguuni yule yule.
Sista akafunga daftari, akasema, "Pembe ilikuwa sahihi,"
na hadi leo sijui alisema pembe ipi.

Nilifua.
Kitambaa cha kwaya, kumbe, huchuja:
beseni zambarau, kamba zambarau,
mikono yangu zambarau hadi kwenye kifundo.

Idi iliitangulia Pasaka.
Tulikaa mkekani kwao, timu nzima,
saa kumi na saba ukutani,
hata mbili hazikukubaliana.
Mama yake akaja na birika tunawe, akaishika mikono yangu:
"Mwanangu, umefanyaje?"
"Ndiye anayetufulia," Sufiani akajibu,
akanisukumia glasi ya maji,
kabla ya pilau, kabla ya mtu yeyote.
"Wewe anza."

Sijui kama alijua.
Nilikunywa polepole, nikaimaliza.
Yeye alikuwa ameshageukia kwa Hoza,
anapanga mabeki wa mwakani
kana kwamba hatukuwa kidato cha nne.