Ufunguo wa Stoo

Julai ile Kangemi ilikuwa na baridi ya kung'ata.
Ukungu ulishuka tangu alasiri, ukakalia mabati,
moshi wa majiko ukakosa pa kupandia.
Ibada ya Jumatano ilikuwa imekwisha;
nafagia maganda ya njugu chini ya viti
alipobisha mwanamke, mtoto mgongoni,
nyayo za mtoto nje ya kanga,
tupu, rangi ya majivu.

Nekoye, alisema. Mwenye nyumba kaweka kufuli lake juu ya langu.
Hakuomba pesa. Aliuliza tu
kama pana kitu cha kumfunika mtoto hadi kuche.

Nami nikafanya ninachokijua:
nikafumba macho, nikainua mkono, nikamwombea.
Maombi marefu, mazuri, yenye vituo.
Nikamkabidhi kwa Baba wa yatima,
nikaiamuru baridi ipite kando,
na kati ya amina ya kwanza na ya pili
ufunguo wa stoo ukanichoma paja.

Stoo: mablanketi thelathini na saba
yamefungwa kamba, yanangoja mkutano wa Agosti,
yananuka nafthalini,
yameandikwa daftarini kwa mkono wangu, wino mweusi.

"Mungu atakutangulia, dada," nikasema.
Akaitikia amina.
Hilo ndilo lisilonitoka hadi leo:
aliitikia.

Nyumbani Mmbone alinipakulia ugali wa moto na mrenda.
Nikamsimulia, nikidhani nasimulia huduma.
Akakata tonge, hakuinua macho:
"Na huyo mtoto amelala wapi?"
Miaka tisa ya ushemasi,
sikuwa na fungu la kujibu.

Saa nne usiku nikatoka, mablanketi mawili begani,
tochi ya simu ikihesabu mitaro.
Nikawauliza walinzi, nikamuuliza muuza mayai,
mbwa wakaniuliza mimi.

Niliwakuta kwa Kageha,
yule wa benchi la mwisho
ambaye akiambiwa aongoze sala hukohoa,
akakohoa tena, mpaka mwingine ampokee.
Jiko liko mlangoni, makaa yamevaa jivu jembamba.
Mtoto kalala ndani ya sweta la Kageha,
mikono ya sweta imefungwa fundo miguuni.
Kageha mwenyewe kavaa gunia la viazi.
Hakunisuta. Hakutaja Mungu.
"Shemasi, shika hapa," akasema, "nitandike."
Nikashika.

Sasa niulizeni kama nilirudi kwa imani
au kwa aibu. Sijui.
Najua mbingu hainunuliwi kwa mablanketi,
hata yote thelathini na saba;
nimefundisha hivyo, bado nasadiki hivyo,
ningekufa nikisadiki hivyo.
Neema ni bure, na mimi ni wa kwanza kwenye foleni.
Lakini jiko nikiweka kiganja juu yake
na kiganja kibaki baridi,
hata ukiniapia kwamba ndani mna makaa
nitakuamini vipi?
Na usiku ule kiganja kilikuwa cha mtoto,
na jiko nilikuwa mimi.

Asubuhi nilifungua daftari.
Nikakata thelathini na saba, nikaandika thelathini na tano.
Safu ya maelezo nikaiacha wazi.
Katibu ameshaniuliza mara mbili.