Akiba

Jumatano jioni naifunika cherehani kwa shuka,
naziacha nguo za watu katikati ya pindo,
nafunga kibanda, naenda kuwa askari.

Sare walinipa ya mtu mnene.
Nani, sikuuliza. Mfuko wa kifua ulikuwa na karanga mbili
na stakabadhi ya soda ya Garsen.
Niliipunguza mwenyewe, kiunoni inchi nne,
miguuni sita, kwa uzi wangu.
Buti sikuweza kuzipunguza.
Buti nimezijaza magazeti.

Kituoni Witu, daftari.
Andika jina: Bunu Famau.
Andika namba ya bunduki, iliyofutika nusu
kwa viganja vya waliotangulia.
Andika risasi: ishirini.
Asubuhi ishirini zirudi, au ujieleze.
Koplo Lotiang' huzihesabu kama muuza tende,
moja moja, mdomo ukicheza.

"Huyu ni wa akiba tu," huwaambia wageni,
na neno lile kinywani mwake huwa
debe la kunde lililosukumwa uvunguni.
Akiba haiozi, alisema bibi yangu,
lakini bibi hakukesha doria ya masika
chini ya turubai lenye matundu,
mbu wakimsomea khitima.
Tunaoza, bibi. Tunaanzia vidole vya miguu.

Posho ya mwezi wa tatu ilikuja mwezi wa saba,
imekatwa kitu ambacho hakuna anayekijua jina.
Gichohi alikwenda kuuliza, akaambiwa ajaze fomu.
Fomu zilikuwa zimekwisha.
Mwanakombo siku hizi haulizi. Anapima unga,
ananitazama, anafunga kopo.
Na kuna kijana aliyeoa kwa kanzu ya kuazima
kwa sababu yake ilikuwa mezani kwangu, haina mkono,
nami nilikuwa kizuizini, barabarani,
nalinda lori la mahindi.
Hanisalimii hadi leo. Ana haki.

Basi kwa nini?

Nitakusimulia usiku mmoja tu.
Saa tisa, mwezi umezama zamani,
kijia cha kuelekea mikoroshoni.
Kitu kinakuja. Kinakanyaga, kinanyamaza, kinakwaruza.
Koplo akafungua usalama wa bunduki: sauti ndogo,
kama kifungo cha chuma kinapobanwa kwenye suruali.
Yeye ni mtu wa Lodwar, ana miezi miwili hapa,
na rafiki yake alichukuliwa na bomu barabara hiihii.
Simlaumu.
Nikaweka kiganja juu ya mtutu.
"Afande, huyo ni punda wa Shamte.
Mguu wa nyuma, wa kushoto, anauburuta
tangu alipoanguka mtaroni."
Tukangoja. Nilisikia moyo, wake au wangu.
Punda akatokea, masikio kwanza,
kisha magunia mawili ya makaa,
na nyuma yake Shamte mwenyewe, ndala miguuni,
anatembea huku anasinzia, kashika mkia.

Akasema, "Bunu, suruali yangu tayari?"

Nikasema kesho.

Ripoti aliiandika koplo:
*Usiku ulikuwa shwari.* Maneno matatu.
Jina langu halikuwamo, wala la punda.
Risasi arobaini, zote zilirudi.

Nilifika nyumbani jua linachomoza.
"Wamekulipa yeo?" aliuliza Mwanakombo, kwa mara ya kwanza tangu kaskazi.
"La."
"Mbona wacheka?"
Sikuwa na jibu linaloweza kupimwa kwenye kopo.
Nikaketi kwenye cherehani bila kulala
nikaimaliza ile suruali: paja, goti, pindo.
Vipimo vilikuwa vya mguu wa mtu anayetembea.
Nilivisoma mara mbili kwenye karatasi
kama mtu anayesoma barua.

Jumatatu koplo akaja kibandani, mkono wa shati umechanika,
akasimama mlangoni kama hajui aingie na mguu gani.
"Bei gani, Bunu?"
Nikamtajia bei kamili.
Akatoa noti, akazihesabu moja moja,
mdomo ukicheza.

Ijumaa nina zamu tena.
Magazeti ya kwenye buti yamelowa,
natafuta mengine.