Matundu Saba

Nyumba ya baba iko Rau, karibu na msitu,
vyumba vinne na bati la mwaka themanini na moja.
Mwezi wa pili, saa tisa alasiri,
hata mjusi humo ndani hutafuta pa kuhemea.

Nilikuwa na kiinua mgongo changu
na picha kwenye simu:
vioo vya alumini kutoka sakafuni hadi darini,
kiyoyozi kila chumba,
kama kwa jirani yetu Mama Ndealilia,
ambaye LUKU yake hulia usiku kucha
kama kifaranga kilichopotelewa na mama.

Fundi Elinaja hakuitazama picha.
Aliomba maji ya kunywa,
akaizunguka nyumba mara mbili,
akaweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi
kama mtu anayempima mtoto homa.
"Huyu ameshinda akila jua," akasema.
"Ukimwekea kioo hapa, dada,
utamlisha umeme mpaka ufilisike."

Kisha akanyoosha rula
juu ya dirisha la chumba nilichokulia.
"Na haya, nani aliyaziba?"

Matundu saba, safu moja, chini tu ya dari,
yamejaa saruji, rangi juu ya rangi.
Miaka arobaini nimeyatazama nikiwa kitandani
nikidhani ni plasta mbaya.

Nikampigia mama, yuko kwa mdogo wangu, Arusha.
Akanyamaza kwanza.
"Baba yako huyo. Masika ile uliyopata degedege.
Tulirudi kutoka hospitali umelala begani kwake.
Hakuvua hata kofia.
Alikoroga saruji kwenye karai la kukuogeshea,
akaziba moja baada ya jingine kwa mwanga wa chemli,
mimi nimeshika ngazi.
Nilimwambia, Kiwelu, na upepo je?
Akasema upepo atautafuta kesho."

Kesho ile haikufika.
Tulikua ndani ya joto hilo
tukisema ndivyo Moshi ilivyo.

Nikamwambia Elinaja asubiri.
Siku mbili vibarua walikunywa chai yangu
na kubishana habari za mpira
huku patasi zimelala kwenye nyasi.

Siku ya tatu nikapanda ngazi mwenyewe.
Tundu la kwanza lilikuwa gumu.
Nyuma ya saruji, pamesokotwa kitambaa:
shuka langu la bluu, lenye bata,
lile nililoambiwa limeibwa kambani.

Sikulia. Vumbi lilikuwa jingi, basi.

Kazi ikaendelea.
Pumba za mpunga kutoka Mabogini,
magunia thelathini, tukazitandika juu ya dari
na chokaa kidogo, kwa ajili ya mchwa.
Bati tukalipaka nyeupe
mpaka kunguru wakawa wanatua kwa mashaka.
Upenu wa magharibi tukaurefusha hatua mbili,
ukuta ukapata kivuli cha kwanza maishani mwake.
Fremu za mvule Elinaja alikataa kuzing'oa:
"Hizi zitanizika mimi, na wewe pia."
Vioo vya alumini nilivinunua viwili tu,
vidogo, upande wa kaskazini,
mlima usije ukasema nimeusahau.

Mama Ndealilia alikuja na ndizi,
akakaa, akatulia, akageuza shingo huku na huku.
"Kiyoyozi chenu mmekificha wapi?
Mbona hakingurumi?"
Nikamwonyesha kwa kidevu.
Hakuamini. Akaomba kiti apande aone.

Usiku, saa nne hivi,
upepo hushuka kutoka mlimani,
unapita migombani bila haraka,
unaingia kwa nyavu mpya za mbu
ukinuka majani mabichi na zizi la mtu.
Umeme wa elfu kumi
sasa unavuka mwezi na kubaki.

Elinaja alipokuja kuchukua malipo ya mwisho
alihesabu tena, kidole hewani.
"Sita. Dada, tumesahau moja.
Hewa haitakaa sawasawa."

Najua, nikamwambia.
Hilo la mwisho, juu ya kitanda,
liache na saruji yake.